Kufungua na kubadili faili za vipimo vya uso kutoka kwenye hadubini bila kupoteza namba

Faili yenye jina kama `sampuli3.004`, `kioo.spm`, `chuma.vk4` au `lenzi.dat` haifunguki kwa kuibofya mara mbili, na hilo ndilo tatizo dogo. Tatizo kubwa ni pale inapofunguka vibaya: picha ni safi, rangi zinapendeza, lakini vimo vimekosewa mara kumi au vimebanwa kwenye viwango 256, na hakuna ujumbe wowote wa kukuonya. Faili ya kipimo cha uso si picha. Ni jedwali la vimo, kila piseli na namba yake, pamoja na mambo matatu yanayozipa namba hizo maana: kizio cha kimo, upana na urefu halisi wa eneo lililopimwa, na mahali ambapo kipimo hakikupatikana. Hatua zilizomo humu zimepangwa ili mambo hayo matatu yasipotee njiani.

Mwongozo huu unahusu faili za hadubini ya nguvu za atomu, hadubini ya leza ya konfoko, na vipima-uso vya mwanga. Programu kuu ni Gwyddion, ya bure na yenye msimbo huria, iliyoanzishwa na David Nečas na Petr Klapetek wa Taasisi ya Vipimo ya Cheki. Inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Menyu zake hazina Kiswahili, kwa hiyo majina ya vitufe yameachwa yalivyo kwenye skrini.

Kabla ya kufungua chochote

Mara nyingi sampuli hupelekwa kupimwa kwenye maabara ya mbali, na kinachorudi ni barua pepe yenye viambatisho. Omba faili asilia kama mashine ilivyoihifadhi. JPG yenye mstari wa kipimo pembeni haitoshi: kutoka humo huwezi kurudisha vimo. Mwombe mtumaji azifunge faili ndani ya zip, kwa sababu baadhi ya mifumo ya barua pepe huvuruga viambatisho vyenye majina ya ajabu kama `.000`.

Ukishazipokea, tengeneza nakala na ufunge faili asilia zisiandikike. Kisha chukua alama ya utambulisho wa kila faili: kwenye Linux ni `sha256sum sampuli3.004`, kwenye Windows ni `certutil -hashfile sampuli3.004 SHA256`. Iandike kwenye daftari la data. Miezi sita baadaye mtu akikuuliza kama faili ni ileile, utakuwa na jibu.

Tambua faili kwa yaliyomo, si kwa jina

Kiendelezi cha jina hudanganya. `.dat` hutumiwa na vipima-uso vya mwanga vya Zygo na pia na mamia ya programu nyingine. `.tiff` inaweza kuwa picha ya kawaida au kipimo kamili cha hadubini ya Park Systems. Namba kama `.000` na `.001` ni desturi ya zamani ya NanoScope, mfumo wa hadubini za nguvu za atomu, ambapo kila skani mpya iliongezewa namba moja. Windows ikificha viendelezi, faili kumi zinaweza kuonekana zina jina moja, basi washa kwanza mpangilio wa kuonyesha viendelezi.

Njia ya uhakika ni kutazama baiti za mwanzo. Kwenye Linux au macOS andika `head -c 200 faili | xxd`. Kwenye Windows, Notepad++ inatosha kwa kuangalia tu. Usibonyeze kuhifadhi, maana kihariri cha maandishi kikihifadhi faili ya baiti huiharibu kabisa. Utakutana na alama hizi:

- `\*File list` ni NanoScope ya Bruker, zamani Veeco na Digital Instruments.
- `:NANONIS_VERSION:` ni faili ya `.sxm` ya Nanonis.
- `VK4_` ni hadubini ya leza ya Keyence.
- `DIGITAL SURF` ni `.sur` au `.pro`. Ukiona `DSCOMPRESSED`, ni aina ileile iliyobanwa.
- `aBCR-1.0` au `bBCR-1.0` ni SDF, aina ya faili ya vipimo vya uso: herufi `a` kwa maandishi, `b` kwa baiti.
- `PK` ni zip ndani ya jina jingine. X3P, PLUX ya Sensofar na faili za nguvu za JPK (`.jpk-force`) ziko hivi.
- `II*` au `MM` ni TIFF. Park na LEXT ya Olympus hujificha humo.
- `HDF` baada ya baiti ya kwanza ni HDF5, kama `.datx` ya Zygo.
- `GWYP` ni faili ya Gwyddion yenyewe.

Kundi la TIFF linahitaji tahadhari. Ukifungua faili ya Park kwa kitazama-picha cha kawaida itafunguka bila shida, nawe utadhani umemaliza. Unachokiona ni kijipicha cha rangi kilichowekwa kwa ajili ya kutazamwa. Vimo halisi viko kwenye lebo za ziada za TIFF ambazo kitazama-picha huzipuuza. Ukiifungua kwa programu ya picha kisha ukaihifadhi upya, lebo hizo hufutika na kipimo kimekwenda.

Kufungua ndani ya Gwyddion

1. Nenda «File», kisha «Open». Acha aina ya faili ijitambue yenyewe. Gwyddion husoma yaliyomo pamoja na jina. Ukitaka jibu bila kufungua dirisha, andika `gwyddion --identify faili` kwenye terminali.

2. Tazama orodha ya chaneli kwenye «Data Browser». Skani moja ya NanoScope inaweza kuwa na chaneli nne hadi nane. «Height» hutokana na volti zilizopelekwa kwenye piezo, kipande kinachorefuka na kufupika kwa umeme ili kusogeza ncha au sampuli. «Height Sensor» hutokana na kihisi kilichopima mwendo wenyewe, na kama ipo ndiyo ya kutumia kwa vimo vikubwa, kwa sababu piezo haitembei kwa mstari ulionyooka. «Phase» iko kwa digrii. «Amplitude Error» haina kimo hata kidogo, ingawa ndiyo inayopendeza kuliko zote kwa sababu kingo zake hujitokeza kama zimechongwa. Watu wengi huichukua hiyo kwa uzuri wake na kuhesabu ukwaruzo, yaani kiasi uso usivyo laini, kutoka kwake. Soma kizio pembeni mwa mizani ya rangi: kama si nanomita au mikromita, si kimo.

3. Thibitisha ukubwa wa eneo na idadi ya piseli, kisha linganisha na daftari la mpimaji. Kwenye vipima-uso vya mwanga, lenzi isiposawazishwa kwa upana, faili huja na vimo sahihi lakini bila upana wa kweli. Ukiona eneo la mita moja, ndiyo sababu. Ingiza ukubwa kwa mkono kupitia «Data Process», «Basic Operations», «Dimensions and Units», baada ya kumuuliza mpimaji ukubwa wa piseli kwa lenzi aliyoitumia.

4. Angalia kama kuna rangi iliyofunika sehemu za picha. Hicho ni kinyago: kinaonyesha piseli ambazo mashine haikuweza kuzipima, kwa kawaida kwenye miteremko mikali ambako mwanga haukurudi. Gwyddion hujaza namba ya kati mahali hapo ili picha isitoboke. Namba hiyo si kipimo. Kwenye chombo cha «Statistical Quantities» chagua kuviacha nje vilivyofunikwa, la sivyo wastani na ukwaruzo vitahesabiwa pamoja na namba za kubuni.

5. Hifadhi mara moja kama `.gwy`, kabla ya kusawazisha, kabla ya kufuta mistari, kabla ya lolote. Kusawazisha bapa, kulinganisha mistari na kuondoa makovu ya ncha hubadilisha namba za kila piseli. Faili mbili, moja ghafi na moja iliyosawazishwa, hazichukui nafasi kubwa.

Ndani ya `.gwy` kila kitu kiko kwenye vizio vya msingi vya SI. Kimo cha nanomita 18 huandikwa 1.8e-8, yaani mita. Hapa ndipo watu hukosea mara bilioni moja wanapohamishia namba kwenye jedwali na kuandika «nm» juu ya safu bila kuzidisha.

Jinsi namba ghafi inavyogeuka kuwa kimo

Siku moja utalazimika kusoma faili mwenyewe au kukagua msimbo wa mwenzako, kwa hiyo inafaa kujua kinachofanyika ndani. Kwenye NanoScope, kichwa cha faili ni maandishi. Tafuta mistari ya `Data offset`, `Data length`, `Samps/line`, `@2:Z scale` na `@Sens.`. Tuchukue mfano ambapo mizani ya Z ni volti 10 na usikivu ni nanomita 15 kwa volti. Namba za biti 16 zina hatua 65,536, basi hatua moja ni 10 × 15 ÷ 65,536, sawa na nanomita 0.00229. Namba ghafi 8,000 ni nanomita 18.3.

Mtego uko kwenye matoleo mapya ya NanoScope, kuanzia 9.2: data huhifadhiwa kwa baiti 4 kwa piseli hata kama kichwa kinasema `Bytes/pixel: 2`. Usiuamini mstari huo. Gawanya `Data length` kwa idadi ya piseli. Skani ya 512 × 512 ikiwa na baiti 524,288 ni biti 16. Ikiwa na 1,048,576 ni biti 32, na kigawanyo kinakuwa 2 kwa kipeo cha 32.

Zygo MetroPro ni habari nyingine. Baiti kubwa hutangulia, kinyume cha kompyuta nyingi za leo. Namba ni za awamu ya mwanga, si za kimo: lazima zizidishwe kwa urefu wa wimbi, kipengele cha mizani na kipengele cha mshazari, kisha zigawanywe kwa 4,096, 32,768 au 131,072 kutegemea usahihi uliotajwa kwenye kichwa. Na namba yoyote ya 2,147,483,640 au zaidi ni alama ya mahali pasipo na kipimo. Asiyejua hilo hupata uso tambarare wenye miiba michache mirefu ya ajabu, kisha anaanza kuichuja miiba badala ya kuifunika kwa kinyago.

X3P, iliyowekwa kwenye kiwango cha ISO 25178-72, ni rafiki zaidi. Badilisha kiendelezi cha nakala yako kuwa `.zip` na uifungue: `main.xml` ina maelezo yote, na `bindata/data.bin` ina vimo kwa mita. Ndani ya XML tafuta hatua ya mhimili wa X na wa Y, na herufi ya aina ya namba: `D` ni baiti 8, `F` ni baiti 4 zenye desimali, `I` na `L` ni namba kamili. Usihariri `main.xml` kwa mkono halafu ukaifunga tena, kwa sababu faili hubeba alama ya utambulisho (MD5) ya maandishi hayo na programu makini zitaikataa.

Faili isipotambulika

Kwanza jaribu toleo jipya la Gwyddion, kwani aina mpya huongezwa mara kwa mara. Ikishindikana, tumia ingizo la data ghafi: kwenye dirisha la kufungua chagua aina ya faili «Raw data».

Anza na hesabu. Faili ina baiti 2,101,248. Picha ya 1024 × 1024 kwa baiti 2 ni 2,097,152. Inayobaki ni 4,096, ambayo ni ukubwa wa kawaida wa kichwa. Lakini 512 × 1024 kwa baiti 4 nayo inatoa 2,097,152, kwa hiyo hesabu peke yake haitoshi. Jaribu zote mbili na utazame picha.

Picha yenyewe itakuambia ulipokosea. Ikiwa imelala mshazari, kila mstari ukisogea kidogo kuliko ule wa juu yake, upana umekosewa kwa piseli chache. Ukiona chenga tupu huku umbo la kitu likionekana kwa mbali, mpangilio wa baiti umegeuzwa. Ukiona vilele vinadumbukia ghafla kuwa mashimo yenye kingo kali, namba zenye alama ya kutoa zimesomwa kama zisizo nayo. Ukiona picha sahihi lakini kipande cha kulia kimehamia kushoto, mwanzo wa data umekosewa kwa baiti kadhaa.

Picha ikikaa sawa, bado hujapata kizio cha Z. Umbo sahihi halithibitishi kimo. Bila kipengele cha mizani kutoka kwenye kichwa au kwa mpimaji, ulichonacho ni mchoro.

Kubadili kwenda aina nyingine

Chagua kwa kufuata kazi inayofuata. Kwa mwenzako mwenye Gwyddion, tuma `.gwy`. Kwa programu za kibiashara za uchambuzi wa uso, tuma SDF au X3P. SDF ya baiti ina kichwa cha baiti 81 tu na huweka idadi ya piseli kwenye biti 16, kwa hiyo upande mmoja hauwezi kuzidi 65,535. Kwa skani moja haina tabu, kwa skani zilizounganishwa angalia.

Kwa msimbo wako mwenyewe, hakuna aina nyepesi kama GSF ya Gwyddion. Ina kichwa cha maandishi, baiti sifuri 1 hadi 4 za kujaza ili kufika kwenye kizidishi cha 4, kisha namba za baiti 4 zenye desimali, mstari wa juu kwanza. Msimbo huu unaisoma:

```
import numpy as np

def soma_gsf(njia):
    b = open(njia, 'rb').read()
    n = b.index(b'\x00')
    mistari = b[:n].decode('utf-8').splitlines()[1:]
    h = {}
    for m in mistari:
        if '=' in m:
            k, v = m.split('=', 1)
            h[k.strip()] = v.strip()
    x, y = int(h['XRes']), int(h['YRes'])
    anza = n + 4 - n % 4
    z = np.frombuffer(b, '<f4', x * y, anza)
    return z.reshape(y, x), h
```

Mstari wa `anza` ndio unaokosewa zaidi. Hata kichwa kikiwa tayari kwenye kizidishi cha 4, sifuri nne bado huongezwa. Kamwe si sifuri tupu.

Maandishi ya kawaida, `.txt`, yanafaa kwa ukaguzi wa haraka. Wakati wa kuhifadhi, lazimisha nukta kama alama ya desimali, ongeza kichwa chenye ukubwa wa eneo, na pandisha idadi ya tarakimu. Kompyuta iliyowekwa kwa lugha ya Ulaya inaweza kuandika mkato badala ya nukta, na Excel ya mpokeaji ikasoma 1,25 kama 125. Ukitumia orodha ya X, Y, Z, kumbuka kuwa Excel ina mistari 1,048,576, ambayo ni idadi kamili ya piseli za 1024 × 1024. Ongeza mstari mmoja wa vichwa vya safu na piseli ya mwisho inadondoka.

Picha za PNG na TIFF zitumike kwa ripoti tu. Uso wenye tofauti ya mikromita 5 kati ya chini na juu, ukiwekwa kwenye biti 8, hupata ngazi za nanomita 19.6. Ukwaruzo wa nanomita 3 unamezwa wote ndani ya ngazi moja. Kwa biti 16 ngazi ni nanomita 0.076, jambo linalovumilika, lakini andika kwenye jina la faili kimo cha chini na cha juu kabisa, maana sifuri na 65,535 pekee hazitamwambia mtu chochote. STL ya kuchapisha umbo haibebi vizio kabisa: programu za uchapishaji hudhani milimita, kwa hiyo zidisha vimo kabla.

Faili nyingi kwa mkupuo

Gwyddion hubadili bila kufungua dirisha:

```
mkdir -p gwy
for f in data/*.spm; do
  gwyddion --convert-to-gwy="gwy/$(basename "$f" .spm).gwy" "$f"
done
```

Ukiipa amri hiyo faili nyingi na jina moja la kutokea, zote huingia ndani ya faili moja. Ndiyo maana ya kutumia mzunguko. Baada ya hapo, maktaba ya `gwyfile` ya Python husoma matokeo:

```
import gwyfile
from gwyfile.util import get_datafields

g = gwyfile.load('gwy/sampuli3.gwy')
for jina, c in get_datafields(g).items():
    z = c.data
    print(jina, z.shape, c.xreal, c.yreal, z.min(), z.max())
```

Chaneli zinarudi kwa majina. Mbili zikiwa na jina moja, tuseme skani ya kwenda na ya kurudi zote zikiitwa «Height», moja itaifuta nyingine kimyakimya. Zipe majina tofauti kwanza. Na kama faili zako ni za kipima-uso cha mwanga, `surfalize` husoma moja kwa moja aina nyingi kama VK4 na PLUX bila kupitia Gwyddion.

Kuhakiki

Fungua faili iliyobadilishwa upande mmoja na asilia upande mwingine. Idadi ya piseli, ukubwa wa eneo, kimo cha chini na cha juu, na Sq (kipimo cha ukwaruzo wa eneo zima) lazima vilingane hadi tarakimu za mwisho. Sq ikitofautiana kwa asilimia kadhaa, kuna usawazishaji uliofanyika bila kuombwa au kinyago kilichopotea.

Mwelekeo huonekana kwa alama isiyo na ulinganifu: mkwaruzo, chembe ya vumbi kwenye kona. Nanonis huhifadhi mistari ya kurudi ikiwa imegeuzwa kulia kwenda kushoto, na skani ya kutoka chini kwenda juu huanza na mstari wa chini. Msomaji mbaya wa faili huacha picha imepinduliwa, na hakuna takwimu ya ukwaruzo itakayoliona kosa hilo, kwa kuwa Sq ya uso uliopinduliwa ni ileile.

Kwa kimo, mwombe mpimaji skani moja ya kielelezo cha ngazi chenye kimo kinachojulikana, tuseme nanomita 100, iliyopimwa siku ileile kwa mipangilio ileile. Ipitishe kwenye mkondo wako wote wa ubadilishaji. Ikitoka 100, mizani imepita salama. Ikitoka 50 au 200, tafuta kipengele cha mbili kwenye mizani ya Z. Ikitoka 0.0000001, umesahau tu kwamba namba iko kwa mita.